Dodoso la kukabiliana na msongo wa mawazo: je, ni halali kujumlisha alama zote?

Muuguzi wa Kanda ya Ziwa aliuliza:

Salaam, wanajukwaa.

Mimi ni muuguzi, na kwa sasa ninasomea shahada ya uzamili huku nikiendelea na zamu wodini. Utafiti wangu unawahusu walezi wa watoto wenye selimundu. Ninataka kujua wanavyokabiliana na msongo wa mawazo unaoletwa na ugonjwa usio na ratiba: jioni mtoto anacheza na wenzake, usiku anaamka akilia kwamba mifupa inauma, na kabla hakujapambazuka mama yuko barabarani, mtoto mgongoni, akitafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Kipimo nilichokichagua ni dodoso fupi la Charles Carver la mwaka 1997, linaloitwa Brief COPE. Lina sentensi 28 zinazogusa mbinu 14, kila mbinu sentensi mbili, na mhojiwa hujibu kwa alama kuanzia 1 (sijafanya kabisa) hadi 4 (nimefanya sana). Nililitafsiri kwa Kiswahili kwa msaada wa mwenzangu mmoja, nikalijaribu kwa walezi wachache kabla ya kuanza kazi yenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama mmoja tulikuwa tumekaa naye kwenye benchi la kliniki, mtoto amelala mapajani, kanga imemfunika mpaka kichwani. Nilipomsomea sentensi inayouliza kama amekuwa akiifanyia mzaha hali hii, aliinua uso akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mzaha? Juu ya huyu?" Aliendelea kunijibu, lakini kwa neno mojamoja, na nilijua kwamba mazungumzo yetu yalikuwa yamekwisha pale. Bibi mwingine, nilipofika kwenye sentensi za dini, alicheka akasema, "Mwanangu, kwani kuna asiyesali?" Na kweli, karibu kila mlezi niliyemhoji alijipa 4 kwenye sentensi hizo, kwa hiyo hazinisaidii kumtofautisha mtu na mtu.

Jambo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Msimamizi wangu anataka nijumlishe alama za sentensi zote 28, nipate jumla kati ya 28 na 112, kisha niwagawe walezi mafungu mawili: walio juu ya alama ya katikati niwaite wanaokabiliana vizuri, na walio chini niwaite wanaokabiliana vibaya. Anasema bila hivyo kamati haitaelewa matokeo. Mimi naona kuna kasoro. Mtu anayekunywa pombe sana, anayejilaumu sana, na aliyekata tamaa kabisa naye anajiongezea alama kwa kila moja ya hayo, na akizidi sana kwa hayo anaweza kuhesabiwa miongoni mwa wanaokabiliana vizuri.

Naomba msaada wenu. Je, kujumlisha hivi kunakubalika? Hizo sentensi zenye kasoro nizirekebishe vipi bila kuharibu kipimo? Na je, ningeachana na madodoso nikapima kwenye mate homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitoa zaidi mtu akiwa na msongo, nisingekuwa na ushahidi usiobishaniwa?

---

Mwalimu wa Takwimu alijibu:

Ndugu Muuguzi, nianze na la jumla kwa sababu jibu lake ni fupi: usijumlishe. Shaka yako ina msingi, na aliyetunga dodoso yuko upande wako. Carver ameeleza wazi kwamba kipimo chake hakina alama ya jumla, na kwamba hakupendekeza mbinu zigawanywe tangu mwanzo kuwa nzuri na mbaya. Kila mbinu isomwe peke yake, au mtafiti atazame data zake mwenyewe aone ni mbinu zipi zinazokwenda pamoja kwa watu aliowahoji. Mpe msimamizi wako hoja hiyo kwa upole, ikiambatana na maelezo ya mtunzi, na umkumbushe kwamba kamati inayoelewa chati moja inaweza pia kuelewa chati yenye mistari 14.

Sababu ya ndani ni hii. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984 ambacho utafiti mwingi wa eneo hili umesimama juu yake, walieleza kukabiliana kuwa ni juhudi za fikra na vitendo, zinazobadilika kila mara, ambazo mtu anazifanya ili kumudu mahitaji anayoyaona kuwa yanaelemea uwezo wake. Katika maelezo hayo hakuna mahali panaposema juhudi hizo zimefaulu. Waliacha hilo nje kwa makusudi, kwa sababu ukiingiza mafanikio ndani ya maana ya kukabiliana, huwezi tena kuuliza ni mbinu ipi inayosaidia. Utakuwa umeshajibu kabla ya kuuliza. Kwa hiyo dodoso lako linahesabu mtu anafanya nini na kwa kiasi gani. Halikuambii kama kinamsaidia.

Kama unataka kujua kinachosaidia, unahitaji kipimo cha pili kilichosimama pembeni. Kipo kipimo cha msongo anaouhisi mtu, cha Sheldon Cohen na wenzake, cha mwaka 1983, ambacho toleo lake la maswali 10 linauliza ni mara ngapi, katika mwezi uliopita, mtu ameona mambo yamemzidi au ameona anayamudu. Jumla yake, kati ya 0 na 40, ina maana, kwa kuwa maswali yote yanauliza jambo moja. Angalizo tu: maswali manne, yaani la 4, la 5, la 7 na la 8, yameandikwa kwa upande wa heri, kwa hiyo alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlisha. Nimesahihisha tasnifu ambazo zilisahau kufanya hivyo, na matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kama si ya kusikitisha.

Hapo utakuwa na vitu vitatu visivyochanganyika: tukio lenyewe, uzito ambao mtu anaupa tukio hilo, na anachokifanya. Wako waliowahi kupima la kwanza peke yake. Thomas Holmes na Richard Rahe, mwaka 1967, walipanga matukio 43 ya maisha na kuyapa uzani, kifo cha mwenzi wa ndoa kikiwa 100 na kufunga ndoa 50, kana kwamba kila mjane anabeba mzigo uleule.

Nikuonye kuhusu mambo mawili zaidi. Mbinu yenye sentensi mbili tu mara nyingi hutoa alfa ya Cronbach iliyo ndogo, yaani namba inayoonyesha kama sentensi za mbinu moja zinakwenda pamoja, na wanafunzi huogopa wakaitupa mbinu nzima. Kwa sentensi mbili ni afadhali utumie hesabu ya Spearman na Brown, na uripoti pia uhusiano wa sentensi zenyewe. La pili ni neno "sana" katika majibu yako. Arthur Stone na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba watu wanapoulizwa wametumia mbinu fulani kwa kiasi gani, mmoja hujibu kwa kuhesabu mara alizoitumia, mwingine muda ulioshika, mwingine nguvu aliyoitoa, na mwingine jinsi ilivyomfaa. Basi 4 ya mama mmoja si 4 ya mama wa pili. Waambie wahojiwa waziwazi kwamba unauliza mara ngapi, na kama majibu ya kati, "kidogo" na "kiasi", yanawachanganya, chora glasi nne, moja tupu na nyingine zikiwa na maji kwa viwango tofauti.

Kuhusu kotisoli sitakawia. Homoni hiyo hupanda kwa asili yake dakika 30 hadi 45 baada ya mtu kuamka, kisha ikashuka mchana kutwa. Mlezi aliyekesha na mtoto anayelia ameamka saa ngapi? Hata ukiipata sawasawa, umepima mwili unavyoitikia, hujapima mama anafanya nini. Okoa fedha zako.

---

Mfasiri wa Tanga alijibu:

Mwalimu amemaliza ya hesabu. Mimi naomba niseme ya lugha, maana naona nusu ya tatizo lako liko humo.

Dodoso hilo liliandikwa kwa kitenzi kinachoonyesha jambo ambalo mtu amekuwa akilifanya katika kipindi fulani. Watafsiri wengi hulileta kwa "nimekuwa niki-", ambayo ni sahihi kisarufi lakini inachosha ikirudiwa mara 28, kwa hiyo msomaji au mhoji huishia kusema "huwa na-". Hapo maana imehama. "Huwa naomba ushauri" ni tabia ya mtu, jinsi alivyo siku zote. "Nimeomba ushauri" ni alichofanya safari hii. Vipimo hivi hutenganisha kwa makini maswali ya tabia ya kudumu na maswali ya tukio mahususi, na wewe kwa silabi mbili tu umevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Pendekezo langu ni utaje wakati mara moja, juu kabisa: "Tangu mtoto alipopata maumivu mara ya mwisho…" kisha kila sentensi ianze na kitenzi kifupi: nimejaribu, nimeomba, nimeacha, nimemweleza mtu.

Ukishataja wakati, utalazimika pia kutaja jambo. Sentensi kadhaa za Carver zinazungumzia kuukubali ukweli kwamba jambo limetokea, au kukataa kuamini kwamba limetokea. Takwimu alizochapisha pamoja na dodoso hilo zilitoka kwa watu walioathiriwa na kimbunga Andrew kilichopiga Florida mwaka 1992. Kimbunga hutokea mara moja. Paa limeng'oka, mtu anajua ni jambo gani analolikubali au kulikataa. Mlezi wako akiambiwa "limetokea" atafikiria nini: siku alipoambiwa majibu ya kipimo cha damu, maumivu ya wiki iliyopita, au mtoto wake wa kwanza aliyefariki kabla ugonjwa haujajulikana? Chagua moja, uiandike.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe. Sentensi moja ya dini inaunganisha kusali na kitendo ambacho wengi hukitafsiri "kutafakari". Mtu wa kawaida akisikia kutafakari anaelewa kuwaza kwa kina, na mama anayekesha akiwaza atajipa 4 kwa jambo linalomtesa, wewe ukaliandika kuwa ni faraja. Ondoa neno hilo, useme "nimesali au nimemwomba Mungu", au kwa wahojiwa Waislamu "nimeswali, nimeomba dua". "Kueleza hisia hasi" ni Kiswahili cha darasani. Watu husema kutoa ya moyoni, au kutoa dukuduku. Na "kukubali" peke yake kunaweza kueleweka kuwa ni kuafiki, kana kwamba mama ameridhia mtoto augue. Watu wengi husema "nimelipokea" au "nimeshazoea kuishi nalo", na hizo mbili nazo si kitu kimoja.

Hata jina la tatizo lina mtego wake. Tunasema msongo wa mawazo, na kwa kusema hivyo tumeliweka jambo lote kichwani. Mlezi atakwambia moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu, chakula hakipiti, au kwa kifupi tu, "nina mawazo". Kwa majirani zetu Washona wa Zimbabwe liko neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na Dixon Chibanda huko Harare mwaka 2006, ambapo bibi waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, ulijengwa juu ya neno hilo badala ya kuleta jina la kitabuni. Kwetu pia si kwamba hakuna mfano: mwaka 2008 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha kipimo cha maswali 19 kilichotengenezwa hapa Tanzania kwa ajili ya kutambua sonona.

Mwisho, usitegemee tafsiri rejeshi pekee, ile ya kumpa mtu wa pili arudishe Kiswahili kwenye Kiingereza, ambayo Richard Brislin aliieleza mwaka 1970 na ambayo siku hizi kila kamati huidai. Mtafsiri hodari hubahatisha sentensi ya awali hata kama Kiswahili chake ni kibovu, na kasoro inapita salama. Kaa na walezi watano au sita, msomee kila mmoja sentensi, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake umemuuliza nini. Ungefanya hivyo kabla, mama wa kanga asingekutazama vile.

---

Mama wa Kliniki alijibu:

Nimesoma yote kwa makini. Mimi si mtaalamu, ila mwanangu wa pili ana selimundu na ana miaka tisa sasa, kwa hiyo naomba niseme kutoka upande wa anayeulizwa.

Mlangoni kwangu kuna mfuko ambao hautolewi hapo. Ndani yake mna kadi ya kliniki, kanga mbili, chupa ya maji, sweta hata kama ni Januari, na noti ya nauli niliyoikunja ndani ya kadi ili nisiitumie kwa mboga. Ungenihoji, dada Muuguzi, ningejipa 4 kwenye sentensi za kupanga, na mwalimu angeandika kwamba napanga vizuri. Ni kweli napanga. Lakini mfuko ule nikiuona ninapoingia na kutoka, ndio unaonikumbusha kwamba usiku wowote unaweza kuwa ule usiku. Sijui hilo mtaliweka kwenye mbinu ipi.

Kuhusu kujilaumu, mmeuliza kama mama anajilaumu, hamjauliza kama analaumiwa. Ukweli wa ugonjwa huu ni kwamba mtoto hurithi kutoka pande zote mbili, baba na mama, lakini ndugu wa mume wangu walipoambiwa waliniangalia mimi. Kwa muda mrefu nilidhani najilaumu, kumbe nilikuwa narudia maneno ya watu. Siku daktari alipotuchorea kwenye karatasi, mimi na mume wangu tumekaa pamoja, akatuonyesha kwamba kila mimba inakuja na uwezekano wa robo wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa, mume wangu aliomba ile karatasi akaenda nayo kwao. Hilo ndilo lililonisaidia kuliko ushauri wote niliopewa, na alilifanya mtu mwingine, si mimi.

Na huo mzaha. Mama yule alikuwa na haki ya kukutazama. Lakini ukikaa benchi la kliniki mpaka saa saba mchana, utatusikia tukicheka. Tunataniana kuhusu foleni, kuhusu waume zetu wanaoogopa sindano kuliko watoto, kuhusu mimi niliyepanda daladala na kiatu cha mguu mmoja cha mtoto. Hatuufanyii ugonjwa mzaha, tunacheka sisi kwa sisi. Ukiuliza "umecheka au kutaniana na wenzako ili moyo upate nafuu?" utapata jibu.

Hilo la sala nalo msilitupe kwa sababu kila mtu anajipa 4. Kuna kusali kwa kushukuru kwamba usiku umepita. Kuna kumlilia Mungu ukimuuliza kwa nini mimi, na hapo unatoka umechoka kuliko ulivyoingia. Kuna na kupelekwa kwenye maombi ya mkesha, mtu akakuambia imani yako ni ndogo ndiyo maana bado unampa mtoto dawa. Mimi nimepita zote tatu, na zote ningejibu "sana".

---

Mwalimu wa Takwimu alijibu:

Mama, nakushukuru, umenisahihisha mahali ambapo nilipita haraka. Ulichokieleza kina kipimo chake. Kenneth Pargament na wenzake walitunga dodoso linalotenganisha kuitegemea dini kwa namna inayomtia mtu nguvu na kung'ang'ana na dini kwa uchungu, kama vile kujiona umeachwa na Mungu au unaadhibiwa naye. Toleo lake fupi lina sentensi 14, saba kila upande, na pande hizo mbili hazijumlishwi pamoja. Ndugu Muuguzi, mahali ambapo kila mtu anasali, ni afadhali uache kuuliza kama wanasali, uulize wanasali wakiwa katika hali gani.

Kuhusu mfuko wa mlangoni, swali lako limewahi kuwashinda wakubwa. Mbinu moja inaweza kutuliza na kutia hofu kwa wakati mmoja, na dodoso la alama haliwezi kuliona hilo. Folkman mwenyewe, alipowafuatilia huko San Francisco katika miaka ya 1990 wanaume waliokuwa wakiwauguza wenzi wao wenye UKIMWI, alianza kwa kuwauliza mambo yanayowaelemea tu. Ni wahojiwa wenyewe waliolalamika kwamba hawaulizwi habari za mambo mema yanayowatokea katikati ya uuguzaji, wakataka yaandikwe. Alipoanza kuuliza, alikuta furaha ndogondogo na dhiki nzito vikikaa ndani ya mtu mmoja katika juma moja, na hilo lilimfanya aipanue nadharia yake aingize juhudi za kutafuta maana katika jambo lenyewe. Sentensi 28 zako hazitakupa hayo. Ongeza maswali mawili ya wazi mwishoni, na uandike majibu kama yanavyosemwa.

---

Mratibu wa Wilaya alijibu:

Niruhusuni nimtetee kidogo msimamizi, maana kila mtu amemwandama. Sisi tunaoendesha huduma tuna mshauri nasaha mmoja kwa kliniki nzima. Mkituletea mistari 14 na maswali ya wazi, tutawachaguaje walezi wa kumpelekea? Tunahitaji namba moja yenye mpaka: aliyevuka hapa aonane na mshauri. Labda namba ya msimamizi ina kasoro, lakini haja yake ni ya kweli.

---

Mwalimu wa Takwimu alijibu:

Haja ni ya kweli, ndugu Mratibu, ila umeishika fimbo isiyo yake. Kinachokuambia nani aonane na mshauri leo ni ukubwa wa dhiki yake. Orodha ya mbinu anazozitumia haikuambii hilo. Kwa kazi hiyo tumieni kipimo cha sonona cha maswali tisa, PHQ-9, ambacho kina jumla kati ya 0 na 27, kinauliza habari za wiki mbili zilizopita, na tafsiri yake ya Kiswahili imefanyiwa utafiti wa uhalali Kenya na Tanzania. Sharti langu ni moja: swali lake la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa, kwa hiyo msilisome kwa mlezi yeyote kabla hamjakubaliana nani atakayeitwa saa hiyohiyo endapo jibu ni ndiyo.

---

Muuguzi wa Kanda ya Ziwa alijibu:

Nimewasoma wote na nimeandika upya sehemu ya mbinu za utafiti jana usiku. Mbinu 14 zitaripotiwa kila moja peke yake. Juu ya dodoso nitaandika wakati na jambo, yaani maumivu ya mwisho ya mtoto. Sentensi za mzaha na za dini zitajaribiwa upya kwa walezi sita wakizieleza kwa maneno yao, na nitaongeza sentensi mbili zinazotokana na walezi wenyewe, moja ya kujikaza mbele ya mtoto na moja ya kukopa au kuchangiwa kwenye kikoba. Hizo mbili nitazichambua kando ili wengine waweze kulinganisha matokeo ya sentensi za Carver na yao. Kipimo cha Cohen kitasimama pembeni. Msimamizi nimempelekea maelezo ya mtunzi, na amesema atayasoma.

Limebaki swali moja, na namwelekea Mama wa Kliniki. Huwa nawahoji walezi asubuhi wakiwa kwenye foleni kwa sababu ndipo ninapowapata wote pamoja. Je, ni wakati mzuri?

---

Mama wa Kliniki alijibu:

Hapana, dada. Asubuhi kwenye foleni sikio langu lote liko mlangoni nisikie kama jina la mtoto limeitwa, na nikikujibu nakujibu ili umalize. Isitoshe, benchi lile tunakaa tumebanana, na jirani yangu anasikia ninavyosema kuhusu mume wangu. Tusubiri tukishatoka dirisha la dawa. Wakati huo mtoto ameshapimwa, dawa ziko mkononi, na tunakaa chini ya ule mti nje tukingoja jua lipungue ndipo tuanze safari. Njoo hapo, uje na maji ya kunywa ya mtoto, na usije na karatasi zako zote kwa mkupuo.